Sare ya Mama Mkubwa

Kwa sherehe ya kumuaga binti yake kabla ya ndoa, mama mkubwa alijichagulia rangi mwenyewe: kijani chenye unjano mkali, kama jani changa la mgomba linapofunguka kule kwetu milimani Uluguru. Maana yake maisha mapya, alisema. Mimi kazi yangu ni kupamba kumbi hapa Morogoro mjini, nikamwambia rangi ile ni kama pilipili, inatiwa kidogo: utepe hapa, maua pale, basi.

"Weka kila mahali," akasema. "Mwenye shughuli ni mimi."

Nikaweka. Ukutani, kwenye viti, mpaka zulia.

Alichosahau, nami sikuwa na haraka ya kumkumbusha, ni kwamba sare ya mashangazi na mama wadogo wote alikuwa ameishonesha kwa rangi ile ile.

Picha zilipoingia kwenye kundi la familia, mbele ya pazia langu vilikuwa vinaelea vichwa tu, na mikono imeshika soda. Mama mkubwa alikuwa amejifunga na kilemba cha rangi hiyo, kwa hiyo yeye ulibaki uso, tena umenuna. Aliyeonekana mzima ni wifi yake, ambaye aliikataa sare akaja na gauni la zambarau. Ungedhani binti ni wake.

Juzi mama mkubwa amenipigia. Anamwoza binti wa pili. Sijamaliza hata shikamoo, akauliza, "Zambarau unayo?"

"Ninayo, mama. Niiweke wapi?"

"Kila mahali," akasema. "Na sare pia."