Shangazi Aliyepotea Daftarini

Kwa miaka mitatu shangazi yangu alihesabiwa kama mtu aliyepotea, na kila Jumapili baada ya misa alikuwa anakula ugali nyumbani kwangu.

Mimi ni karani wa takwimu kwenye kliniki ya wanaoishi na virusi vya Ukimwi, hapa Songea mjini. Kila mwisho wa mwezi nawagawa wateja wetu: wapya, wanaoendelea na dawa, waliohama, waliofariki, waliopotea. Aliyepotea ni yule aliyeacha kuja na hakuna anayejua yuko wapi. Hesabu hizo zinakwenda wilayani, kisha mkoani, na huko watu wanazitumia kusema ugonjwa unapanda au unashuka.

Wiki yangu ya kwanza kazini nililikuta jina la ubatizo la shangazi, dada wa baba yangu, kwenye orodha ya waliopotea. Nikafunga daftari. Kazi hainiruhusu kutaja nilichokisoma, na hata ingeniruhusu, mtoto wa kaka hamuulizi shangazi yake jambo la namna hiyo. Kwa hiyo Jumapili nilimwamkia, nikamnawisha mikono, nikakaa kumtazama akila. Nilihesabu matonge. Nilitafuta dalili za mtu aliyeacha dawa: kukonda, kikohozi, uchovu. Sikuona kitu, ila jicho la kushoto.

Jicho hilo lilitoa machozi mchana kutwa. Mfereji wa kuyapeleka puani ulikuwa umeziba, kwa hiyo yalimwagikia shavuni. Kijijini kwao, Maposeni, lilimpa sifa asiyoiomba.

"Shangazi yako ana huruma," jirani mmoja aliniambia msibani. "Marehemu hata hamjui, lakini ona anavyolia."

"Nyamaza, wewe," shangazi akamjibu, akijifuta kwa ncha ya kanga. "Mimi nasubiri wali tu hapa."

Wahudumu wetu walikwenda Maposeni mara mbili kumtafuta. Waliuliza kwa jina la ubatizo, na kijijini kila mtu anamwita mama fulani, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Wakarudi na jibu kwamba mtu huyo hayupo. Fomu ya safari zote mbili niliwapa mimi mwenyewe, na njia ya kufika mlangoni kwake naijua. Nilinyamaza. Sitaki kuipamba habari hii.

Mwaka huu pembeni mwa pua pakavimba, pakaanza kutoa usaha. Daktari wa macho akasema ni upasuaji: watapitisha njia mpya ya machozi kwenye mfupa wa pua. Bingwa wa kazi hiyo anatoka nje ya mkoa, anakaa wiki moja, anaondoka. Shangazi akaandikishwa. Alipoulizwa dawa anazotumia, akasema ukweli. Hakukataliwa. Alitakiwa tu kuleta kipimo cha karibuni cha wingi wa virusi, chenye jina lililo kwenye kitambulisho chake.

Jumapili ile hakugusa chakula.

"Baba," aliniita, kama anavyoniita tangu nikiwa mdogo, "wewe unafanya kazi pale. Unajua."

"Najua, shangazi."

"Basi usinitazame kama maiti. Dawa nakunywa kila siku. Nachukua Madaba."

"Madaba, mbali kote kule! Kwa nini?"

"Mama mkwe wa binti yangu anafagia pale kwenu. Nilimkuta na ndoo mlangoni, nikageuka. Madaba nikaanza upya, nikawapa jina la marehemu bibi yako. Hakuna aliyeniuliza."

Nilitaka kucheka na kugonga meza. Dawa zimefanya kazi, kipimo chake cha Madaba ni kizuri, na hakimsaidii kitu kwa sababu ni cha bibi yangu aliyezikwa zamani. Kwetu hawezi kupimwa kwa sababu amepotea. Ili arudi anahitaji barua ya uhamisho kutoka kituo cha mwisho alichotibiwa, na kwa jina lake la ubatizo kituo cha mwisho ni sisi. Madaba nao hawawezi kumhamisha mtu ambaye hawajawahi kumwona. Nilimweleza mkuu wangu bila kutaja undugu. Akashusha pumzi. "Wako wengi hao," akasema. Nikafikiria ripoti zote nilizowahi kupeleka, zikimhesabu mwanamke mmoja kama wawili, mmoja mpya na mmoja amepotea.

Njia ipo moja: fomu ya kuunganisha majina, aje aisaini mwenyewe kliniki kwetu mbele ya shahidi. Nilimpelekea Maposeni aione kwanza. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, akafuta jicho.

"Nikishaweka sahihi, karatasi hii inakaa wapi?"

Nikamwambia nitauliza. Sikuwa na haja ya kuuliza. Inakaa kwenye kabati la mafaili, katika chumba kinachofunguliwa kila asubuhi na anayekifagia.

Wiki ya bingwa imepita, na hakuna aliyetuambia atarudi lini. Uvimbe umeongezeka. Fomu iko kwenye mtoto wa meza yangu, haina sahihi, na Jumapili mbili sasa shangazi hajaja kula.