Dawa ya Jicho Kabla ya Amina

Sifa zote ni kwa Mungu aliyeniamsha leo hapa mtaani Mashimoni, akaniachia macho ya kuandikia haya. Namshukuru hata kwa paka wangu, ingawa kuna wakati shukrani hiyo ilinitoka kwa shida.

Paka huyo ana jicho moja. Lile lingine alilipoteza kabla hajaja kwangu. Kwa hiyo lililobaki lilipoanza kuvimba na kutoa usaha, niliogopa. Nilimtia kwenye kikapu nikampeleka kwa daktari wa mifugo Kawangware. Akanipa tyubu ndogo ya dawa.

"Mpake asubuhi na jioni, mzee. Ukizembea, jicho litakufa, naye atabaki kipofu."

Kusema ni rahisi. Vuta kope ya chini, minya dawa kidogo, ncha isiguse jicho, mwache apepese. Daktari alifanya hivyo huku akiongea kwa simu. Mimi nilimfunga paka kwa taulo la mtumba la Soko la Toi, nikamweka mapajani mlangoni penye mwanga, nikainamisha kichwa niombe. Mama yangu alinilea hivyo: dawa haitolewi kabla ya maombi. Nilipofungua macho, mapajani palikuwa na taulo tu.

Jioni ikawa vile vile, na kesho yake pia. Dawa iliishia kwenye shati, kwenye ndevu, hata kwenye ugali. Paka alikaa juu ya mabati akinitazama kwa jicho lililozidi kufumba, nami nikamwita majina ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyajua.

Jirani yangu, mama anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye huniita jaduong', yaani mzee kwa lugha ya kwao ziwani.

"Jaduong', kwani unamwombea paka ama unamfungulia geti?"

"Mama, usinicheke. Huyu mnyama ni mkaidi."

"Mkaidi ni wewe! Ukisema tu 'Baba mwema,' mikono inalegea. Ukifika 'Amina,' yeye ashafika kwa mabati. Huyo ameokoka kukushinda!"

"Kwa hivyo niache kuomba?"

"Nani amesema uache? Omba macho yakiwa wazi. Si mnatuhubiria tukeshe tukiomba?"

Nilikasirika. Maisha yangu yote nimeomba nimefumba macho. Kuyafungua niliona ni kama kumkodolea Mungu macho. Lakini asubuhi iliyofuata jicho la paka lilikuwa limegandamana kabisa, likahitaji maji ya uvuguvugu ndipo lifunguke. Sikuwa na nafasi ya kiburi.

Jirani alimvuta kwa omena, mimi nikamfunga taulo. "Baba mwema," nikaanza, macho wazi. Paka alijikunja, akingoja yangu yafumbe. Hayakufumba. Katikati ya sala nikavuta kope, nikaminya, dawa ikaingia. "Amina!" akapiga kelele jirani kwa niaba yangu, na paka akanikwaruza kidole akatoroka.

Jicho lilipona. Adabu haikupona: mpaka leo nikiombea chakula yeye hukimbilia mabati, nami hukereka.

Nawe unayesoma, Mungu akulindie macho yako yote mawili. Na kama una mgonjwa asiyetaka dawa, akupe mikono isiyolegea kabla ya Amina.