Vifungo Katika Kibuyu cha Shangazi

Usiku ule nililala na mzigo wa fulana za kampeni pembeni mwa kitanda, umefungwa kamba ya katani, unanuka rangi mpya. Nilitaka kuusogeza hadi mlangoni nisiuone, lakini nikishashuka kwenye baiskeli yangu ya magurudumu matatu mimi ni mtu wa kutambaa, na mzigo ulikuwa mzito. Nikaupa mgongo. Usingizi ulinichezea sana kabla ya kunichukua.

Kwanza nikasikia fimbo. Inagusa sakafu, inagusa mguu wa cherehani, inasita, inagusa tena. Mlio wake ulikuwa mzito, kwa sababu mwishoni ilikuwa na kipande cha mpira wa tairi, na fimbo ya namna hiyo katika kata yetu ilikuwa moja tu. Ilikuwa ya Shangazi Felista, na Shangazi Felista tulimzika masika yaliyopita.

Hakuwa shangazi yangu wa damu. Surua ilimpofusha akiwa mtoto, polio ikaninyima mimi miguu, na ujamaa wetu ulianzia hapo. Yeye ndiye aliyekwenda nyumba kwa nyumba akitutoa vyumbani tulikofichwa, akaanzisha kikundi chetu cha watu wenye ulemavu. Alipofariki wakanipa mimi uenyekiti.

Sasa amesimama katikati ya chumba changu cha ushonaji, na chumba kina mwanga ingawa taa haijawashwa. Amevaa gauni la zambarau nililomshonea mwenyewe siku ya maziko. Upindo wa kushoto umelegea, kama nilivyouacha, maana niliushona nikilia.

"Shikamoo, Shangazi," nikasema.

Hakuitikia. Nikadhani hakusikia, nikarudia kwa sauti. Akageuza uso kuelekea nilipo, macho yake yaleyale meupe, akanyamaza. Mtu mzima akikunyima marahaba unajua una kesi, hata kabla hujasomewa.

"Rehema," akasema, "kibuyu changu kiko wapi?"

Kibuyu hicho ndicho kilichokuwa bunge letu. Kila jambo zito la kikundi lilipitia humo. Mtu alipewa harage moja na punje moja ya hindi, harage ni ndiyo, hindi ni hapana. Kibuyu kilizungushwa kimefunikwa khanga, mkono unaingia chini ya khanga na kutia kimoja, kingine mtu anaondoka nacho mfukoni. Asiyeona alijua kwa vidole alichotia, asiyesikia hakuhitaji kuelezwa, na sisi wenye macho na midomo mirefu hatukuweza kuchungulia wala kushawishi. Shangazi aliubuni utaratibu huo kwa hasira. Miaka mingi shemeji yake alikuwa akimshika kiwiko siku ya uchaguzi, anaingia naye kituoni kama msaidizi wake, anamtilia alama kwenye karatasi, wanatoka. Siku moja akamuuliza, "Shemeji, umenipigia nani?" Shemeji akamjibu kwa upole kabisa, "Usijali, nimekuwekea panapofaa." Shangazi alituhadithia jibu hilo mara nyingi, na kila mara sauti ilimbadilika. Baadaye alijifunza kusoma nukta nundu kwa vidole akiwa mama mzima, akadai kifaa cha wasioona kituoni mpaka kikaletwa, akapiga kura yake peke yake. Alitoka siku ile akitabasamu njia nzima, na tulipomuuliza kamchagua nani akasema hilo ni lake na Mungu wake.

Ndotoni najua kibuyu kilipo na sitaki kusema. Kiko juu ya meza ya cherehani. Lakini fimbo imeshafika mezani, na mkono wa Shangazi umeshakishika shingo, anakitikisa. Kinalia kwa sauti nyepesi, ya kitu ambacho si nafaka.

Anaingiza vidole, anatoa kifungo cha shati. Naam, kifungo. Baada ya arobaini yake niliona kibuyu kimekaa bure, na fundi hakosi vifungo, nikavitia humo. Sikuwa na nia mbaya. Nia mbaya sijawahi kuwa nayo maishani, ndiyo maana naharibu mambo kwa utulivu.

Anakipapasa kile kifungo kwa ncha ya kidole, taratibu, kama alivyokuwa akisoma nukta zake.

"Kina matundu," anasema. "Nayasoma, hayasemi kitu. Hiki ni ndiyo au ni hapana?"

Nataka kujibu, na mdomoni mwangu mnatoka maneno ya Bwana Kisaka.

Bwana Kisaka ni meneja wa kampeni wa mmoja wa wagombea udiwani. Jioni ile alikuja dukani kwangu. Hakubaki garini akinipungia mkono kama wenzake. Alishuka, akavuta kigoda, akakaa chini mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. Hakuna mwanasiasa aliyewahi kunifanyia hivyo. Akaniita Mheshimiwa. Akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, wewe ni mtu wa kukaa kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Asiyekuwepo na lake halipo. Kesho tuna mkutano wa hadhara. Niletee watu wako wote, wakae mbele wamevaa fulana hizi, na wewe utangaze tu kwamba watu wenye ulemavu wa kata hii wako na sisi. Lori litakuja kuwachukua."

Sisi tulikuwa na mpango wetu. Udiwani wa kwetu hupatikana kwa kura chache, kila mtu anajua, na Shangazi alituambia kwamba tukishikamana hatutaomba tena, tutaombwa. Tulikubaliana kuwaita wagombea wote uani kwa Shangazi, mmoja baada ya mwingine, watuambie watafanya nini kuhusu ngazi. Ofisi ya kata ina ngazi. Darasa tunalopigia kura lina ngazi. Mimi hupandishwa mgongoni mwa vijana kama gunia la alizeti, watu wanacheka, na wako wenzangu ambao huona haya wakageuza wakarudi nyumbani na kura zao. Tukishawasikia wote, ndipo kibuyu kipite.

Nilikumbuka yote hayo nikiwa namtazama Kisaka usoni. Halafu nikasema, "Sisi tuko pamoja nanyi." Sisi! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi sikusifiwa hata sana.

"Hiki ni ndiyo au ni hapana?" Shangazi anauliza tena, na ukuta wa chumba haupo. Tuko shuleni, kwenye mstari wa kupiga kura. Upepo unapuliza vumbi, karani ameketi juu mlangoni, na ngazi ziko mbele yetu, ndefu kuliko zilivyo. Ninasimama. Nina miguu. Siishangai hata kidogo, ndoto ndivyo ilivyo. Ninapanda ngazi zile kwa miguu yangu mwenyewe, na kila hatua inanipendeza. Kule juu nasikia watu wa kamati wakivuta viti na kusema, "Karibu, Mheshimiwa."

Nimemshika mtu kiwiko. Ninampandisha haraka haraka, anajikwaa, simsubiri. Tunafika juu, nachukua karatasi yake, natia alama, nakunja, natumbukiza kwenye sanduku. Yeye ananiuliza kwa sauti ndogo, "Umenipigia nani?"

"Usijali, Shangazi," nasikia sauti yangu ikisema, kwa upole kabisa. "Nimekuwekea panapofaa."

Ndipo nikamtazama. Nilitamani ardhi inimeze. Hakuwa na hasira, ningeshukuru kama angekuwa nayo. Alikuwa na ule uso wa mtu aliyerudishwa mahali alikokuwa ametoroka zamani.

"Geuka," akaniambia. "Wewe una macho."

Nikageuka. Chini ya ngazi wapo wenzangu wote wa kikundi, wamevaa zile fulana, wametulia kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Mbele kabisa yuko Maneno. Maneno ni kiziwi, na jina lake alipewa na babu yake kabla mtu hajajua. Tumemtania kwalo na yeye ametutania zaidi, kwa kuwa mikono yake inaongea kuliko midomo yetu yote. Leo hasemi kitu. Anahangaika ndani ya fulana, mabega yanapanda na kushuka. Mikono ya fulana yake imeshonwa, imezibwa mwishoni, na vidole vyake vinasukuma kitambaa kwa ndani vikitafuta pa kutokea. Nautambua mshono. Ni wangu, ule wa kurudia mara mbili ili usifumuke.

Nataka kushuka nikaufumue. Miguu haipo tena. Nimekaa juu ya ngazi, kiti cha kamati kiko nyuma yangu kitupu, na siwezi kushuka wala hakuna kijana wa kunibeba. Nalia kwa sauti, "Shangazi, nisamehe, nilifikiri nawasaidia. Shikamoo, Shangazi. Shikamoo."

Fimbo imeshaanza kushuka ngazi, inagusa, inasita, inagusa. Anasimama karibu na Maneno, ananigeuzia uso.

"Kawaulize kwanza," anasema. "Nitaitikia baadaye."

Nikaamka. Kumekucha, jogoo wa jirani anawika kwa fujo, mto wangu umelowa. Mzigo wa fulana uko palepale. Nilikaa kitandani nikiwa na aibu ambayo sikuwa nayo jana, na iliniuma zaidi kujua kwamba jana nilistahili kuwa nayo na sikuwa nayo, nililala nikiwaza nguo ya kuvaa kwenye kikao cha kamati. Kamati ambayo hukutana huko huko ofisi ya kata, juu ya ngazi. Sikuwa nimeuliza hata hilo.

Nikatambaa hadi kwenye meza, nikakishusha kibuyu, nikamwaga vifungo vyote sakafuni. Vingine vilibingirika chini ya kabati na sikuhangaika navyo. Kisha nikapanda baiskeli yangu, nikaenda kumgongea jirani kuomba harage. Mahindi nilikuwa nayo.

Wenzangu walikuwa wameanza kukusanyika uani kwa Shangazi. Habari ya lori ilikuwa imewafikia kabla yangu, na baadhi walikuwa wamevaa vizuri. Nikawaambia, kwa mdomo na kwa mikono ili Maneno naye apate, kwamba jana nimewaahidi kwa mtu bila kuwauliza. Nimezitoa kura zao kama zangu. Nilitaka nafasi nikaiita maendeleo yetu. Sauti ilinikatika, lakini mikono iliendelea, nikamaliza.

Wapo walioinamisha vichwa. Maneno hakuinamisha. Alininyooshea kidole, kisha akajigusa kifua, kisha akaninyooshea kidole tena, macho makavu. Wewe. Mimi. Wewe. Wewe ulinisemea mimi, wewe? Nikaitikia kwa kichwa. Nilijua wanaweza kuniondoa kwenye uenyekiti asubuhi ileile, na wangekuwa na haki. Nikamkabidhi Maneno kibuyu na khanga. Nikazungusha sahani ya harage na mahindi, nikasema swali ni moja, tunapanda lori la watu hawa? Harage tunapanda, hindi tunangoja wagombea wote waje hapa tuwasikie.

Lori likafika likipiga honi. Bwana Kisaka akashuka mbele, shati jeupe, tabasamu lilelile. Safari hii hakutafuta kigoda.

"Mheshimiwa, tumechelewa! Mgombea yuko uwanjani tayari. Vipi, mnapanda?"

"Sijui," nikamwambia.

"Hujui vipi? Si jana tulikubaliana?"

"Jana ulikubaliana na mimi. Hawa bado sijawauliza."

Akacheka kidogo, akatazama saa, akatazama watu, akaona hakuna anayesimama. Maneno alikuwa ameshatandaza khanga juu ya kibuyu. Akawa wa kwanza kuingiza mkono, akautoa, akampitishia kibuyu aliye kando yake. Ndani ya kibuyu kikalia kitu kimoja kigumu, harage au hindi sikuweza kujua, na mimi nikainamisha kichwa, nikasema kimoyomoyo, shikamoo, Shangazi.