Bili ya Wingu Iliyogawanywa kwa Milango

Mtu aliyewahi kuishi kwenye ploti ya vyumba vya kupanga yenye mita moja ya stima hahitaji kuelezwa na yeyote kwa nini majirani hununiana. Bili inakuja moja, inagawanywa kwa milango. Mwenye balbu moja analipa sawa na mwenye friji, pasi na redio inayonguruma mchana kutwa. Ukilalamika unaambiwa una roho mbaya. Mama yangu alilipia pasi ya jirani miaka na mikaka, na sisi shuleni tulienda na mashati yamekunjamana. Nikasoma, nikawa mhasibu, nikapata kazi ya kukaa kwenye kiti, na huko nako nikaikuta mita ileile.

Ofisi yetu iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi, si mbali na mtaa wa Tena ninakoishi, hapa Nairobi. Kazi yetu ni kuwaunganisha wenye maduka ya mitaani na wauzaji wa jumla: mwenye duka anaagiza unga na sabuni kwa simu yake, mzigo unamfikia. Tulikuwa na idara tatu. Kulikuwa na wahandisi wanaotengeneza programu, kulikuwa na watu wa mauzo, na kulikuwa na dawati la wateja, ambalo lilikuwa mwanamke mmoja, simu mbili na kiti kinacholia kila akigeuka. Sisi wa uhasibu hatukuhesabiwa kama mlango, maana ndio tuliokuwa tunagawa.

Programu yenyewe haikai ofisini. Inakaa kwenye kompyuta ambazo hakuna hata mmoja wetu amewahi kuziona, tunazozikodi kutoka kampuni ya ng'ambo. Wahandisi huziita wingu. Unalipia kila saa kompyuta ikiwa imewashwa, itumike isitumike. Bili huja kila mwezi, moja tu, ndefu, na ndani yake huoni nani ametumia nini. Kila mwezi ilikuwa inapanda, na kila nilipouliza sababu niliambiwa ni ukuaji.

Mkurugenzi akaitisha mkutano. Yeye naye ni mtoto wa Eastlands, alilelewa kwenye nyumba za reli kule Makongeni, na hilo hulitaja hata asipoulizwa.

"Tugawe kwa milango," akasema. "Idara tatu, mafungu matatu. Tusianze kuchunguzana kama watu wasioaminiana."

Watu wakacheka, wakatikisa vichwa. Wote tumekulia huko huko, hakuna aliyeona ajabu. Nikauliza, huyu wa simu anatumia kompyuta gani za kulipiwa fungu zima? Nikaambiwa madam, ukianza hivyo tutamaliza mwaka tukigombana. Nikarudi mezani kwangu nimekasirika hadi chai ikanishinda.

Sasa tazama kilichofuata. Kwenye karatasi zangu, dawati la wateja lilianza kuonekana kama shimo. Mshahara wa mtu mmoja, juu yake theluthi ya bili ya wingu. Mkurugenzi akasoma, akapiga kidole mezani. "Hii idara inakula kuliko inavyoleta. Nionyeshe sababu ya kuibakiza kabla mwezi haujaisha, la sivyo tunaifunga."

Idara! Mtu mmoja! Mwanamke mwenye watoto wawili shuleni, aliyenikaribisha chai ya tangawizi siku yangu ya kwanza pale na ambaye kila jioni tulishuka naye ngazi. Kama angefukuzwa kwa uvivu ningeinamisha kichwa. Lakini afukuzwe kwa sababu ya stima ya mwenzake?

Dawa ilikuwepo, na ilikuwa rahisi. Kila kompyuta ya kukodi inaweza kuwekewa lebo inayosema ni ya idara gani. Ukishaweka, bili yenyewe inakuja imejigawa. Nikaenda kwa mkuu wa wahandisi, kijana mpole mwenye kofia ya sweta kichwani mwezi Januari hadi Desemba.

"Hiyo ni kitu ndogo sana, madam," akasema.

"Basi ifanye."

"Si leo. Tuko mbio na release ya Friday, toleo jipya la programu. Wiki ijayo, nakuahidi."

Wiki ijayo ikafika. Nikamkuta na vipokea sauti masikioni, nikasimama pale kama mdai hadi akavitoa.

"Madam, form ni gani?" akauliza, yaani kuna mpango gani.

"Form ni lebo."

"Aaah, lebo. Unajua haraka haraka haina baraka. Tukikosea tunaweza angusha system yote."

Nilitamani nimpige na kikokotoo. Nikamuuliza kuhusu zile kompyuta za majaribio, zinazowaka usiku na Jumamosi na Jumapili watu wakiwa makwao. Kwa nini hazizimwi?

"Na tukizihitaji Monday?"

"Mtaziwasha."

"Si rahisi hivyo, madam."

Huyu anayesema si rahisi, nyumbani kwake akitoka chumbani anazima taa. Nimemtembelea, nimemwona kwa macho yangu, hata ya choo anazima kabla hajafunga mlango vizuri. Ila cha kampuni hakina mwenyewe.

Nikajaribu njia nyingine. Nikakaa na ile bili ndefu, nikakisia kwa majina ya kompyuta, hii ya mauzo, hii ya wahandisi, nikampelekea mkurugenzi. Akaniambia makisio si ushahidi. Nikamuuliza, na kugawa kwa milango ni nini? Akatazama saa yake.

Kila siku saa nne, wakati wa chai, mwenzangu wa simu alikuwa ananiuliza. "Dada, wanasemaje?"

"Wanasema wiki ijayo."

"Basi wiki ijayo si mbali."

Alikuwa anaamini. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba aliwaamini watu waliokuwa wanamsahau kila baada ya chakula cha mchana. Hawakuwa wabaya. Walimpenda, siku yake ya kuzaliwa walimnunulia keki. Lakini lebo hazikuwa kazi ya mtu, na kazi isiyo ya mtu haifanywi.

Mwezi ukaisha. Mwenzangu akapewa barua ya kuachishwa kazi. Akachukua kikombe, sweta na chaja yake, simu mbili zikahamishiwa kwa watu wa mauzo, ambao hawakuzipokea. Wahandisi wakamshika mkono mmoja mmoja, wakasema pole sana mathe, pole mama, Mungu yupo. Mungu yupo kweli, lakini lebo hakuachiwa yeye.

Bili iliyofuata ikaja. Haikupungua. Ingepunguaje, na aliyeondoka hakuwa akitumia kitu? Nikaigawa kama nilivyoagizwa, kwa milango miwili sasa, na fungu la kila mmoja likapanda. Mkurugenzi akawaambia wahandisi kwamba ziada itatoka kwenye pesa zao za laptop mpya.

Siku hiyohiyo mkuu wao alikuja mezani kwangu mwenyewe, bila kuitwa. Kofia ameivua.

"Madam, hii si haki. Kwani sisi tunalipia nani?"

Nilimtazama hadi akaangalia chini. Nikamsukumia ile bili ndefu, maana ningefungua mdomo ningesema maneno ambayo hata mama yangu hakuwahi kuyasikia kwangu.

Wahandisi wakala chakula cha mchana, wakarudi, wakafunga mlango wao. Jioni watu wakiondoka, kila kompyuta ilikuwa na lebo. Zikapatikana nyingine ambazo hazikudaiwa na mtu yeyote. Wakazizima waone nani atapiga kelele, na hakuna aliyepiga. System haikuanguka. Nikazigawa upya bili za nyuma kwa lebo hizo, na katika hesabu hiyo mpya sehemu ya dawati la wateja ilikuwa ndogo hata kompyuta yangu iliandika sifuri.

Nikaipeleka kwa mkurugenzi. Akaisoma mara mbili, akakohoa. "Mpigie," akasema. "Mwambie arudi." Alisema kama anayemzungumzia mtu aliyetumwa maziwa.

Nikapiga nikiwa nimesimama kwenye ngazi. Alipokea haraka. Alikuwa amepata kibarua kiwandani, upande wa Mukuru kwa Njenga, anaenda kwa miguu asubuhi na kurudi kwa miguu. Nikamweleza yote.

"Kwa hivyo walimaliza zile lebo?"

"Walimaliza."

"Ziliwachukua muda gani?"

Nilifikiria kumdanganya. Nilitaka sana kumdanganya.

"Mchana mmoja," nikasema.

Nyuma yake nilisikia mashine, na mtu akiwaita vibarua warudi ndani.

"Mchana mmoja," akarudia polepole. "Sirudi, dada. Wasalimie." Kisha akaniambia mapumziko yamekwisha, akakata simu.