Nyunyiza Tu, Usigonge

Kwa miaka thelathini na mmoja mume wangu Rosaire alijulikana kwa mwezi mmoja tu, Oktoba. Miezi mingine alipasua kuni, akatengeneza mashine za watu za kukatia nyasi, akalalamika mgongo. Majani yakishapukutika, pikapu zilipanga foleni uani kwetu mpaka barabarani, kila mtu akitaka uvungu wa gari lake unyunyiziwe mafuta kabla watu wa barabara hawajaanza kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu. Bila chumvi unateleza unaingia mtoni. Ukiwa na chumvi, gari linaliwa na kutu taratibu, na wewe unaendelea kulilipia.

Alikuwa na shimo ndani ya gereji, la kina cha mtu mzima. Gari lilisimama juu yake, Rosaire akashuka ngazi na bomba lake la kunyunyizia, na mimi juu nikimshikia taa. Akimaliza, mwenye gari alikwenda moja kwa moja kwenye barabara ya vumbi iliyo nyuma ya kanisa na kurudi mara mbili, mafuta yashikwe na vumbi kama samaki anavyoshikwa na unga kabla ya kukaangwa. Wiki nzima baadaye kijiji kilidondokwa na mafuta. Padri alitangaza madhabahuni kwamba waliopaka magari wasiegeshe mbele ya kanisa. Hakuna aliyemsikiliza, maana madoa uani ndiyo yaliyoonyesha kwamba wewe ni mtu unayejali mali yako.

Rosaire alikuwa na nyundo ndogo iliyoning'inia ukutani. Chuma kizima kikigongwa hulia, kilichooza hunyamaza, na kilichooza sana hupitisha nyundo. Mwaka wa pili wa kazi aliligonga gari la mwalimu wa shule bila kuombwa. Nyundo ikazama mpaka kwenye mpini. Mwalimu alikaa kwenye ngazi yetu akalia, kisha akazunguka kijiji kizima akisema Rosaire Maltais amemtobolea gari.

Usiku ule nilimwambia mume wangu, "Wewe ni mtu wa mafuta, si mpasuaji wa maiti. Asiyekuuliza, usimwambie."

Akaniuliza, "Na kama gari ni bovu?"

"Bovu kwa nani? Kama halijamsumbua mwenyewe, wewe linakuwashia nini?"

Ikawa sheria ya gereji. Watu waliipenda. Wengi walikuja kwetu kwa sababu hiyo hasa, na mimi nilijisifu kwamba nimemwokoa mume wangu na mdomo wake.

Mdogo wangu Clovis ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni kila mwaka. Alifunga bamba mbele ya pikapu yake na kusukuma theluji kwenye nyua za nyumba arobaini, zahanati na njia ya kushukia gatini. Kiangazi alifanya vibarua, lakini msimu wa theluji ndio uliomlisha yeye na mkewe Huguette. Kisha Huguette akawekewa lami uani, nyeusi, laini, ya kwanza mtaani kwao, na hakutaka kuona tone la mafuta juu yake. Clovis akaanza kwenda mjini, kwa watu wanaopaka uvungu wa gari ngozi nzito ya mpira isiyodondoka. Mpira huo ukipakwa juu ya chuma kipya ni sawa. Ukipakwa juu ya kutu, umeifungia kutu ndani pamoja na chumvi na maji, nayo inakula bila kuonekana.

Miaka minne hatukumwona Oktoba. Wa tano, Jumamosi moja asubuhi, huyo akaingia uani akipiga honi.

"Shemeji, nimekuja kutubu," akasema.

"Toba ya mlevi hiyo, baa zimefungwa," Rosaire akamjibu kutoka shimoni. "Mjini wamekufukuza?"

"Wamenichosha. Na mkeo huyu ananisema kila Jumapili mpaka supu inapoa."

"Nitakusema mpaka uzikwe," nikamwambia, na tukacheka wote watatu. Nayakumbuka maneno yangu yale kila siku.

Rosaire akainua mkono, akagusa chasisi nyuma kidogo ya kabini. Nilikuwa nimemshikia taa, nikaona kidole gumba chake kinabonyea kwenye ule mpira kama kwenye mkate. Akabonyeza pengine. Ukabonyea tena.

"Mzee, hii ngozi walikupaka kwa mwiko?"

"Imependeza, eh? Kama kiatu cha bwana harusi."

"Kiatu nakiona. Nauliza mguu."

Clovis hakucheka safari hii. Akachutama ukingoni mwa shimo, sauti ikashuka. "Sikiliza, shemeji. Nyunyiza tu, usigonge. Nina nyua arobaini nimeshaahidi. Nikisema sina gari, kesho asubuhi wale wa ng'ambo ya mto wamezichukua zote, na hawazirudishi. Nipe msimu huu mmoja. Theluji ikiyeyuka natafuta gari jingine."

"Clovis."

"Msimu mmoja tu, jamani. Nimekuomba nini kikubwa maishani?"

Rosaire alipanda ngazi mbili, akanyoosha mkono ukutani akaichukua nyundo, kisha akanitazama mimi. "Noëlla?" akasema.

Nilijua ananiuliza nini. Sheria ilikuwa yangu, na ruhusa ya kuivunja aliitaka kwangu. Nilifikiria nini? Nilifikiria kwamba kesho yake ni Jumapili, wote watakuja kula kwetu, na sitaki meza yenye watu walionuna. Nilifikiria mdogo wangu akikaa kwenye ngazi ile aliyokaa mwalimu. Chuma sikukifikiria hata kidogo. Nikatikisa kichwa.

"Umemsikia mwenye gari," nikasema. "Nyunyiza."

Akanyunyiza. Mafuta yaliteremka juu ya ule mpira kama maji juu ya koti la mvua, yakamrudia usoni. Clovis akaniachia busu shavuni, akaelekea barabara ya vumbi. Tulisikia honi yake mpaka nyuma ya kanisa.

Tarehe kumi na tisa Januari, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, alikuwa anateremka kusafisha njia ya gatini. Alipokanyaga breki katikati ya mteremko, chasisi ilikatika nyuma ya kabini ikang'oa na bomba la breki. Gari halikusimama mpaka kwenye mawe ya chini. Waliompata ni wavuvi wanaotoboa barafu ya mto, waliokuwa wakienda vibandani kwao. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu.

Rosaire alikwenda kuliangalia gari. Akarudi, akanawa mikono kwa muda mrefu, na mikono haikuwa na kitu. "Ngozi inaning'inia kama soksi isiyo na mguu," akaniambia. "Ndani hamna chuma, Noëlla. Ni majani ya chai."

Msibani watu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walinong'ona, lakini nina masikio. Nilitaka kuwauliza, na waliomsaidia kuficha, wao kifo kitawaumbua lini? Nikapita na sahani za mkate wa nyama, nikawashukuru kwa kuja.

Ardhi ilikuwa bado jiwe kwa baridi, haichimbiki, kwa hiyo jeneza liliwekwa kwenye kibanda cha makaburini likingoja Mei. Machi, Huguette akaja kwetu kwa miguu. Alikuwa amekonda. Alikaa jikoni na koti lake, akamtazama Rosaire.

"Shemeji, mimi ndiye niliyempeleka mjini," akasema. "Kwa ajili ya lami yangu. Kila asubuhi naiona pale nje, safi, haina hata doa. Sijaja kugombana. Nataka kujua kitu kimoja tu, kama niko peke yangu. Wewe ulikuwa chini ya lile gari. Ulijua?"

Rosaire aliiweka mikono mezani. "Nilijua. Nililibonyeza kwa kidole."

"Mbona hukugonga?"

Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa cha Rosaire, na mimi nilikuwa nyuma yake na birika la kahawa. Nilingoja aseme. Palikuwa na jibu moja tu la kweli, nalo lilikuwa limesimama pale jikoni limevaa aproni.

"Sikugonga," Rosaire akasema. "Kosa ni langu."

Huguette akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepunguziwa mzigo. Akamshika mkono. Walikuwa wawili sasa. Na mimi, dada yake marehemu wa tumbo moja, nikamuuliza wifi yangu kama anataka maziwa.

Mei tulimzika Clovis. Juni Rosaire alilijaza shimo kokoto, akaisawazisha sakafu kwa saruji, na Oktoba ilipofika waliokuja aliwaelekeza mjini. Sasa ni miaka sita. Hajawahi kuniambia, "Wewe ulitikisa kichwa." Mara nyingine namchokoza makusudi. Namsema kuhusu viatu, kuhusu kuni, kuhusu mama yake aliyekwisha kufa, mambo ambayo mume yeyote angenirudishia maradufu. Namsubiri akasirike mpaka lile neno limtoke. Anavaa koti lake, anatoka, na baada ya muda nasikia shoka.