Tochi ya Afande Ndani ya Ndoo ya Dagaa

Juzi pale sokoni Katonga, kwenye meza ya muuza tochi, nilimkuta askari wa kike akichagua tochi ya akiba ya kuning'iniza kwenye mkanda. Anahamia Mwamgongo, kijiji cha kando ya ziwa, na tochi yake iliwahi kumzimikia ziwani usiku wakimtafuta mvuvi aliyezama.

"Mlimpata?" nikauliza.

"Kwa bahati. Alipiga mluzi."

Mimi, bingwa wa vifaa mji mzima, nikamshikisha dude moja kubwa. "Afande, hili linamulika mpaka Kongo. Wahalifu watajileta wenyewe."

Hakucheka. Aliomba ndoo ya maji kwa mama muuza dagaa, akatumbukiza dude langu na tochi nyingine za mezani zikiwa zinawaka, kama wavuvi wanavyofanya wakinunua. Dude langu likapepesa, likafa. Katochi kadogo kama kidole gumba kakaendelea kuwaka chini ya maji. Akakatoa, akakazima na kukawasha kwa mkono mmoja.

"Mkono mwingine wa nini?" nikamchokoza.

"Wa kukuvuta wewe majini."

Mama wa dagaa akapiga makofi. "Afande, mwanangu anavua huko huko!"

Muuzaji alinilazimisha kununua dude lililokufa. Linakauka juani, litapona tu. Ila nikizama Mwamgongo, sihangaiki na mluzi; katochi ka afande kataniona.