Mstari wa Majivu kwa Mama Minza

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na kasoro moja iliyomchosha bibi yangu kuliko uvivu na ulafi wangu: kugeuka nyuma. Nikitumwa kisimani nageuka, nikitoka kanisani nageuka, nikichapwa na kuambiwa niende zangu, nageuka kuona kama aliyenichapa bado ananitazama. Bibi Nyamizi, mama yake baba, ndiye aliyenilea kijijini kwetu, nyuma ya machimbo ya Nyarugusu, na alikuwa akisema shingo yangu ilifungwa vibaya. Nasimulia haya bila aibu, kwa sababu shingo hiyohiyo iliwahi kuokoa watu, na sioni sababu ya kujifanya mnyenyekevu.

Mwaka huo kipindupindu kiliingia machimboni, kikashuka hadi kijijini. Jirani yetu, Baba Minza, aliyekuwa akichimba dhahabu kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, alirudi nyumbani asubuhi akiwa hawezi kusimama. Kabla ya mchana alikuwa amepakiwa kwenye pikipiki, ameshikiliwa na mtu nyuma, kwenda zahanati. Bwana afya akaja na kipaza sauti. Gulio likafungwa, hakuna kushikana mikono, hakuna kula msibani. Kwa Mama Minza, aliyebaki na watoto wawili, alisema waziwazi kwamba wasitoke, na mtu asiingie, mpaka atakaporudi mwenyewe kuwaangalia. Akaondoka bila kusema watakula nini.

Hilo lilitatuliwa jioni ileile uani kwa balozi wa nyumba kumi, na mpaka leo sijaona kikao kilichokwenda haraka kama kile. Nyumba moja ilichukua maji, nyingine kuni, nyingine uji wa asubuhi. Kijana mmoja akakabidhiwa ng'ombe wa Baba Minza awachunge pamoja na wa kwao. Bibi alichukua chakula cha mchana: michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, akiipika na karanga za kutwanga. Kwa kuwa goti lake lilikuwa bovu, mpelekaji nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka minane, na Minza, niliyekaa naye dawati moja, ndiye aliyekuwa rafiki yangu kuliko wote.

Lakini Bibi alikuwa na namna yake ya kufunga nyumba yenye ugonjwa, na hakumuuliza bwana afya. Alichota majivu jikoni, akachora mstari mnene kukata njia ya kwa Mama Minza, pale ua wa minyaa ulipoanzia. Kando ya mstari palikuwa na jiwe bapa. Nilitakiwa kuweka chungu juu ya jiwe, kupiga makofi matatu, kugeuza mgongo na kwenda, bila kutazama nyuma mpaka nipite mnyaa wa mwisho.

"Ugonjwa unakaa hapo kwenye mstari, unangoja," aliniambia akinishika kidevu. "Hauwezi kuvuka majivu. Lakini ukiuona uso wako umeshakujua. Utakuja nyumbani kukuita kwa jina."

"Na wewe je, Bibi?"

"Si tunalala kitanda kimoja? Ugonjwa utaniita na mimi."

Niliamini yote. Siku tatu mambo yalikwenda vizuri. Nilipiga makofi, nikasikia mlango ukilia, kisha sauti ya Mama Minza: "Wabeja, Kabula!" Ndiyo asante ya Kisukuma. Halafu Minza alipiga kelele kwamba michembe ya jana ilikuwa na mchanga, nami nikamjibu huku nimempa mgongo, nikiitukana njia badala yake.

Siku ya nne nilipiga makofi, kimya. Nikapiga tena. Nikageuza mgongo, nikaanza kutembea nikihesabu minyaa. Nyuma yangu mlango ukalia, lakini hakuna aliyesema wabeja, na hakuna aliyelalamikia mchanga. Nikageuka.

Aliyetoka alikuwa Maduhu, mdogo wake Minza, ambaye hata kutembea alikuwa amejifunza juzijuzi. Alikuwa uchi, peke yake, akijikokota kuelekea kwenye jiwe. Tangu nyumba ifungwe Mama Minza hakuwa amemwachia yule mtoto hata aguse mlango. Alifika, akajaribu kuinua kifuniko, kikamshinda, akakaa chini na kulia. Ndani hakuna aliyemwita.

Nilikimbia. Natamani niseme niliita watu papo hapo, lakini nilikwenda kujificha nyuma ya ghala letu la mahindi, nikaufunika kwa mikono uso wangu uliokwisha kuonekana. Nikisema nilichokiona, Bibi atajua niligeuka, na ugonjwa utamchukua yeye kwa kosa langu. Nikinyamaza, Minza atakufa. Nilimpenda Bibi kuliko mtu yeyote duniani, na nilikaa pale mpaka kivuli cha ghala kikafika miguuni pangu. Muda ule nauonea uchungu hata leo.

Bibi alinikuta hapo. "Kabula, mbona hujala?"

"Mama Minza anaumwa. Na Minza."

"Nani kakuambia?"

"Maduhu ametoka nje peke yake."

"Umemwonaje?"

"Niligeuka, Bibi."

Nilifumba macho kungoja kofi. Halikuja. Nilipofumbua, alikuwa tayari njiani, bila fimbo yake ya kutembelea, akiita majina ya watu.

Walikuja wanaume wanne na machela ya magunia. Balozi alikuwa mmoja wao. Walipofika kwenye mstari wa majivu, nami nikiwa nyuma yao, wakasimama. Maduhu alikuwa amelala usingizi kando ya chungu, ng'ambo ya pili, na hakuna aliyepiga hatua. Hawakuwa waoga, mmoja wao alishuka mashimoni kila siku kwa kamba. Balozi, mtu mzima mwenye wajukuu, alimtazama Bibi kama mtoto anayeomba ruhusa. Bibi ndiye aliyeuchora mstari.

Bibi aliinama, akachota majivu yaleyale, akajipaka uso mzima. Kisha akanivuta, akanipaka paji, mashavu na kidevu, kwa nguvu kama anayesugua sufuria.

"Uliuona uso wa Kabula," aliuambia ugonjwa, akiutazama ule mlango. "Haya, Kabula yuko wapi sasa?" Akawageukia wanaume. "Na nyinyi mnangoja nini? Pakeni!"

Wakapaka. Bibi akatangulia, akiuburuza mguu wake mbovu juu ya mstari mpaka ukafutika.

Mama Minza na Minza walikuwa hai, wamekauka, hawawezi kunyanyua kichwa. Njia nzima walinyweshwa maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, hadi zahanati walikotundikiwa dripu. Sisi tulioingia tulinawa kwa sabuni na maji ya dawa, bwana afya akisimamia na kugomba. Wote wawili walipona, Maduhu hakuugua, na Baba Minza naye akarudi. Bibi hakuugua, wala mimi.

Sikuchapwa. Kesho yake nyumba nyingine ilifungwa, Bibi akachora mstari mwingine, akaniita.

"Ukifika utapiga makofi, utasubiri mlango. Utamuuliza kila mtu kwa jina lake, akuitikie mwenyewe. Halafu ukiondoka, utageuka."

Nilimtazama nikidhani nimesikia vibaya.

"Utageuka mara mbili," akasema.

Hakuwahi kukiri kwamba alikosea. Alibadilisha sharti tu, na kijiji kizima kikalifuata kana kwamba lilikuwepo tangu enzi za mababu.

Korona ilipokuja, mimi nilikuwa mhudumu wa afya wa jamii huku Buseresere, barabara ya malori. Tulikuwa na familia ya dereva mmoja iliyoambiwa ikae ndani, na wenye maduka walitoa unga, maharage na sabuni. Masanja wa bodaboda alijitolea kupeleka. Alitua mzigo getini, akapiga honi, akaondoka mbio. Nilimsimamisha njiani.

"Nani amekuitikia?"

"Honi wameisikia, mama."

"Sijakuuliza honi. Tunarudi."

Tukasimama mbali na geti, barakoa usoni, nikaita majina manne. Yakaitika matatu. Nikaanza kulikimbilia geti, ndipo wa nne alipoitika kwa hasira kutoka chooni. Masanja alicheka sana, lakini safari iliyofuata aliita majina mwenyewe.

Leo najua kipindupindu hakitambui nyuso. Kabla Bibi hajafariki nilimuuliza kama kweli aliamini majivu yangetuficha. Akaniuliza, "Wewe uliugua?" Nikasema hapana. "Basi," akasema, akaendelea kuchambua karanga zake. Simcheki. Mstari wake ulitukinga, kisha karibu utuulie majirani, na aliyekuwa na ujasiri wa kuufuta ni yuleyule aliyeuchora. Nimefanya kazi na wasomi wengi ambao hawajaweza hilo.

Minza ana watoto wanne sasa. Nikimtembelea hunisindikiza hadi barabarani, tunaagana, nami nashika njia. Haondoki. Anangoja nigeuke, ananipungia mkono, kisha anangoja mara ya pili ndipo arudi ndani.